Aliyengojea Juu ya Mlima Smokey

Jani lile jekundu lilikuwa limejibandika upande wa ndani wa kioo cha mbele cha gari.

Murdina alikuwa amelipitishia waipa mara nne akidhani limeganda nje, kama yanavyoganda majani yote ya Oktoba. Mara ya tano akanyoosha kidole akaligusa. Lilikuwa limelowa chepechepe, na lilikuwa upande wake. Madirisha yote manne yalikuwa yamefungwa tangu walipotoka nyumbani, maana baba yake hataki upepo umpige shingoni. Akalibandua, akalichomeka pembeni mwa mlango, hakumwambia mtu. Kuna watu wakiona jambo dogo limekaa upande hulipigia kelele, na kuna watu hulitia mfukoni wakaendelea na safari. Murdina ni wa kutia mfukoni, na siku ile ningependa sana angekuwa wa kelele.

Nyuma alikaa baba yake, Mzee Lachlan, miaka themanini na minne, kofia ya sufu kichwani na chupa ya chai mapajani. Mbele, kando ya Murdina, alikaa binti yake Sheena, mimba ya miezi saba, mkanda wa gari umepita chini ya tumbo kama nesi alivyomwelekeza. Kabla ya mimba hiyo zilikuwa zimemtoka mbili, ya pili mtoto akiwa na vidole kamili, na Sheena alikaa miezi mitatu bila kuchana nywele. Hii ya tatu ilipokubali kukaa, nyumba nzima ilianza kuishi kwa kunyata. Mtoto mwenyewe alikuwa mtundu. Alipiga mateke asubuhi, akapiga mchana, na mume wa Sheena, ambaye siku hiyo alibaki nyumbani kumlinda bata mzinga kwenye oveni, alisema huyo ni mchezaji wa hoki na viatu keshavaa. Teke likichelewa kidogo Murdina alikuwa akishika roho mkononi, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ilikuwa Jumatatu ya sikukuu ya Shukrani. Kila mwaka siku hiyo Mzee Lachlan na mkewe Catriona walivuka Mlima Smokey kwenda kutazama majani yalivyogeuka rangi, na hapa kwetu Cape Breton, mtu asiyepanda mlima kuona majani ni kama hakuuona mwaka. Catriona alifariki mwezi wa Machi. Mzee akasema mwaka huu anakwenda hata kwa miguu, na alilisema hilo siku tatu mfululizo, kwenye chai, kwenye supu, na kupitia mlango wa choo, mpaka Murdina akatafuta ufunguo wa gari. Redio ilisema ukungu utaondoka kabla ya adhuhuri. Redio husema mengi.

Kufika chini ya mlima hata bahari, iliyo hatua chache kutoka barabarani, haikuonekana. Sheena akamchokoza babu yake, akamwuliza ni majani gani hayo wanayokwenda kuona, maana yeye anaona maziwa matupu. Mzee akacheka.

"Subiri, mke wangu," alisema. "Juu kutakuwa kweupe. Bibi yako naye alikuwa na maneno hivyohivyo, halafu akifika anatoa leso."

Wakaanza kupanda. Barabara ile ni ya kujikunja, kulia kuna vyuma vya kuzuia magari na baada ya vyuma hakuna kitu ila kuporomoka mpaka baharini. Murdina alikwenda polepole, taa zimewashwa, na kila baada ya kona tawi moja jekundu au la rangi ya chungwa lilichungulia kwenye ule weupe, kisha likafunikwa tena. Mzee alikuwa akiyahesabu kwa furaha. Walipofika kona ya tatu, pale penye egesho la kutazamia bahari na meza ya mbao iliyovunjika mguu mmoja, wakamwona mwanamke amesimama ukingoni mwa barabara, peke yake, bila gari wala mzigo.

Mguu wa Murdina ulikanyaga breki kabla akili haijaamua. Kwetu mtu hampiti binadamu mlimani kwenye ukungu. Waliopita wenzao kwenye ukungu wanajulikana kwa majina, na wajukuu zao mpaka leo wanasemwa.

Mwanamke akaingia nyuma, akakaa kando ya Mzee Lachlan. Alivaa koti refu la sufu lililolowa mpaka likawa halina rangi, na kitambaa kimefungwa chini ya kidevu. Hakusema asante. Gari likajaa harufu ya kondoo aliyenyeshewa, na chini ya hiyo harufu nyingine, ya udongo uliokaa chini ya majani yaliyooza. Murdina akamwomba afunge mkanda, hakujibiwa, na hapo ndipo alipogundua jambo la pili. Gari lake lile hulia hata ukiweka mfuko wa viazi kitini bila kuufunga mkanda. Safari hii halikulia.

Mwanamke akamgeukia mzee, akasema naye Kigaeli.

Sasa lazima ujue hali ya mzee yule. Kigaeli ndicho alichonyonyea, na Catriona alikuwa mtu wa mwisho nyumbani kukisema. Murdina alibaki na majina na sala tu, Sheena hata hizo hana. Tangu Machi mzee alikuwa akizungumza na redio na paka, na kwa jinsi alivyokuwa akitafuna maneno peke yake jioni, hata paka alimwonea huruma. Leo, kwenye kiti cha nyuma cha gari, sauti ya mwanamke, Kigaeli kizito cha zamani kama cha nyanya yake, kinamwuliza swali ambalo kwetu linatangulia salamu zote:

"Wewe ni wa nani?"

Hatuulizani kazi. Hatuulizani hata jina. Tunaulizana wewe ni wa nani, na mwenye kuulizwa hupanda, baba kwa baba, mpaka muulizaji apate mahali pa kumweka. Kukataa kujibu ni kumtemea mtu mate. Mzee Lachlan akaivua kofia yake, akanyoosha mgongo, akapanda. Yeye ni Lachlan wa Hector, wa Angus Mwekundu, na akaendelea juu mpaka kwa waliokuja na meli. Murdina alikuwa akimwona kwenye kioo, machozi yanamlengalenga kwa raha, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamwona baba yake mzima.

Angeishia hapo. Hesabu yetu hupanda kwa waliokufa na humalizikia kwa msemaji, haishuki. Lakini raha humlevya mtu kuliko chupa. Mzee akaanza kuteremka: huyu dereva ni Murdina wangu, na huyu Sheena wa Murdina. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa Sheena begani, akasema na aliye tumboni ni Alasdair.

Murdina alilisikia jina lile. Walikuwa wamekubaliana lisitoke chumbani mpaka mtoto alie. Na mzee, katika furaha yake, alisahau pia adabu ya kurudisha swali. Hakumwuliza mgeni yeye ni wa nani.

Mwanamke akaanza kunong'ona, kutoka juu kuja chini, taratibu, kama mtu anayejifunza njia: Angus Mwekundu, Hector, Lachlan, Murdina, Sheena, Alasdair. Akarudia. Mara ya tatu akayaacha yale mengine, akabaki na la mwisho peke yake, Alasdair, Alasdair, Alasdair, kwa sauti ndogo isiyovuta pumzi.

"Mama," Sheena alisema baada ya muda. "Hachezi."

Murdina akamwambia amelala tu, watoto hulala. Akaongeza hita. Hita ikatoa hewa baridi. Mbele, kwenye ukungu, likajitokeza egesho la kutazamia bahari na meza ya mbao iliyovunjika mguu mmoja, akalipita, akajiambia mlima huu una maegesho mengi na meza zote za serikali ni mbovu. Akapanda kona moja, mbili, tatu, gari likiguna kwa gia ya chini, na mlima ambao watoto wa shule huupanda kwa baiskeli ulikataa kufika kileleni, na pale ambapo barabara ingenyooka likajitokeza tena egesho lile, na meza ile, na safari hii kwenye lami, mahali pale pale walipomchukulia mwanamke, palikuwa na alama mbili za nyayo tupu zilizojaa maji. Nyuma yake ile sauti haikupumzika wala haikupanda wala haikushuka, Alasdair, Alasdair, na vioo vyote vilikuwa vimefunikwa na ukungu wa pumzi, cha mbele kwa pumzi yake na ya Sheena, cha nyuma kushoto kwa pumzi ya mzee, na kile cha kulia, kando ya mgeni, kilikuwa safi kama kimepanguswa sasa hivi.

"Mama, tumbo limekuwa gumu. Limekuwa baridi, shika."

Murdina akashika. Aliwahi kushika jiwe la mtoni mwezi wa Novemba, na hivyo ndivyo tumbo la mwanawe lilivyokuwa. Akaingiza gari kwenye egesho akasimama. Kwa mazoea akabonyeza loki, milango yote ikajifunga.

Mzee Lachlan alikuwa ameshaelewa. Uso wake kwenye kioo ulikuwa mweupe kama ukungu, kofia kaikamata kwa mikono miwili, na sasa, kwa sauti ya chini, akamweleza binti yake lile ambalo Hector baba yake alimweleza mara moja tu, zizini, akiwa kijana wa kuoa. Kwamba Angus Mwekundu, kabla ya kuoa kwa heshima, alimpa mimba mtumishi wa nyumbani kwao. Kwamba alimchukua siku ya ukungu, akamwambia wanakwenda kwa mchungaji wa upande wa pili kufunga ndoa, na walipofika juu ya Smokey akamwambia angojee hapo, farasi amechechemea, anarudi sasa hivi na mwingine. Hakurudi. Theluji ilianguka usiku ule, mapema kuliko miaka yote. Jina la msichana halikutajwa tena katika nyumba ile, na hivyo likapotea. Hector alimwambia mwanawe: ukiwa juu ya Smokey, wewe si wa mtu, na ukiulizwa kaa kimya, hata ukionekana huna adabu.

"Nilikuwa najua," mzee alisema. "Miaka sitini nimeipita barabara hii na Catriona nikiwa najua. Leo nimesemeshwa, nikasahau kila kitu."

"Basi mtoe, Baba," Murdina alinong'ona. "Mtoe."

Mzee alikuwa mwimbishaji wa zaburi kanisani miaka arobaini. Kwetu mwimbishaji hutoa mstari peke yake, kisha kanisa zima huuchukua na kuuvuta, kila mtu na njia yake, mpaka paa linatikisika. Akafumba macho, akatoa mstari wa kwanza kwa sauti iliyopasuka, ule unaomtaja Bwana kuwa ni mchungaji. Na mwanamke akaupokea. Aliupokea kwa sauti ya kanisa zima, wanaume na wanawake na vikongwe waliokwisha kuoza, wakiuvuta mstari polepole kama watu wanaovuta jeneza, na gari dogo lile likatetemeka vioo, na mzee akatoa mstari wa pili, na ukapokelewa vilevile, kwa imani, kwa machozi, na mzee akanyamaza, kwa sababu humtoi mtu kwa zaburi aliyofia akiiimba. Jambo la kuvunda halina ubani.

Sheena alikuwa amelalia dirisha, macho nusu wazi, midomo ya samawati. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya tumbo. Hakuwa akilia. Alikuwa akiliambia tumbo lake tafadhali, tafadhali, kama alivyoliambia zile mara mbili.

Ndipo mzee akafanya lile alilopaswa kulifanya mwanzo. Akamgeukia mgeni, akainamisha kichwa kama mtu aliyeko mlangoni pa watu.

"Na wewe, binti," alisema, "wewe ni wa nani?"

Kunong'ona, kulikokuwa kumerudi baada ya zaburi, kukakoma. Mwanamke alipojibu, Murdina, ambaye Kigaeli chake kilikuwa cha majina na sala, alielewa kila neno, na hilo lilimwogopesha kuliko yote.

"Sikumbuki," alisema. "Angus ndiye anayejua. Ameniambia ningojee."

"Angus harudi, binti yangu."

"Wangu alinifia hapa. Alikuwa anacheza, akaacha. Nitakaa na huyu wa Angus."

"Huyu hajui chochote. Hajui hata kusema jina lake," mzee alisema. "Mimi pia ni wa Angus. Mimi najua nyimbo zenu, najua nyumba mliyokaa, najua mlango wa jikoni ulikokuwa. Chukua wa kuzungumza naye."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye pindo la koti, tone kwa tone, kwenye zulia la gari. Kisha mwanamke akaitaja hesabu tena, kwa sauti, Angus Mwekundu, Hector, Lachlan, na hapo akaishia. Hakuwa tena kitini. Alikuwa nje, upande wa mzee, amesimama karibu na kioo, anangojea, na hakuna mlango uliofunguka.

Mzee akavuta kitasa. Kikagoma.

"Fungua, mwanangu."

Murdina hakufungua. Alisema watampeleka Sheena hospitali, wataondoka sasa hivi, kuna madaktari, kuna mashine, alisema mambo mengi na yote kwa haraka, na wakati akiyasema mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya tumbo la binti yake na chini ya mkono ule hapakuwa na kitu chochote kinachocheza. Mzee alimwacha amalize. Alikuwa mtu wa kuwaacha watu wamalize.

"Murdina. Mimi nimeyaona majani mara themanini na nne. Yeye hajayaona hata mara moja."

"Baba, usiniambie mimi nifanye hivi."

"Nani mwingine nimwambie? Mlango uko kwako."

Kitufe kile kipo mlangoni kwa dereva, kidogo, chenye picha ya ufunguo. Murdina alikuwa amekibonyeza mara elfu, akipakia mboga, akimngojea Sheena shuleni, na hakuwahi kujua kwamba kina uzito. Alimtazama baba yake kwenye kioo. Mzee alikuwa akivaa kofia yake, akiishusha vizuri masikioni, kwa sababu nje kulikuwa na upepo na yeye hataki upepo umpige shingoni.

Akabonyeza.

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, ukafungwa kwa upole, kama anavyoufunga mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Mzee Lachlan akampa mwanamke mkono, kama mwanamume anavyompa mkono mwanamke kwenye ngazi za kanisa, na Murdina akasikia sauti yake ikiondoka kuelekea kwenye vyuma vya ukingoni, inasimulia jambo kwa Kigaeli, bila haraka, na mara moja akamsikia anacheka. Kisha ukungu ukaila sauti.

Hita ikaanza kutoa joto.

Murdina alitia gia. Barabara ikanyooka baada ya kona moja tu, kilele kikapita, wakaanza kuteremka upande wa pili. Chini ya mkono wake kitu kikapiga, mara moja, kwa nguvu, kisha mara mbili mfululizo. Sheena akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka majini, akaangua kilio, akacheka katikati ya kilio, akisema anacheza, Mama, anacheza, mshike, mshike.

Na wakatoka chini ya ukungu. Ulikatika ghafla, kama pazia, na bonde zima likafunguka mbele yao mpaka baharini, jekundu na manjano na rangi ya chungwa, jua limelipiga moja kwa moja, hakuna jani lililofichika. Murdina ameishi hapa miaka hamsini na mbili na hakuwahi kuyaona hivyo.

"Babu, ona!" Sheena alisema, akijipangusa macho kwa kiganja. "Babu, ulisema kweli, ona!"

Akageuka nyuma. Kiti kilikuwa kimelowa pande zote mbili, na chupa ya chai imelala sakafuni.

"Mama? Babu yuko wapi?"

Murdina hakupunguza mwendo. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na macho yake yako barabarani, na yale majani mazuri yalikuwa yakipita kushoto na kulia, hata hakuyageukia.

"Ameshuka," alisema. "Mimi ndiye niliyemfungulia."